Kusimba, Kufumba na Dhana ya "Salama": Tatizo la Istilahi katika Hati Huria za Usalama wa Mtandao, kwa Kurejelea Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazotumika kuelezea ulinzi wa mawasiliano katika mtandao wa intaneti. Hoja kuu ni kwamba istilahi kadhaa zilizokwishaenea zinachanganya dhana ambazo kitaalamu ni tofauti, na kwamba mchanganyiko huo una madhara nje ya isimu: katika pesa za wananchi, katika mahakama na katika ufundishaji. Tunalinganisha vitenzi -simba na -fumba, tunachambua mkanganyiko uliomo katika istilahi "ufunguo wa umma", na tunaonyesha jinsi neno "salama" linavyompotosha msomaji wa kawaida. Aidha, tunatumia data za Kinyakyusa, Kihehe na Kibena kuonyesha kuwa mofimu ya utenguzi ni rasilimali inayoeleweka vyema na wasemaji wa Nyanda za Juu Kusini. Mwisho tunapendekeza namna vyuo vya Mbeya na Iringa vinavyoweza kushiriki katika uandishi wa hati huria za Kiswahili kuhusu somo hili.

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za Kiswahili una historia ndefu, na wataalamu wamekwisha kuuandikia mengi. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970, kazi iliyokuwa mbele ilikuwa ya kukipatia Kiswahili maneno ya utawala, elimu na sayansi. Kiongozi cha uundaji wa istilahi kilichoandaliwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko mwaka 1992 kiliiwekea kazi hiyo utaratibu. Katika uwanja wa kompyuta, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili.

Hata hivyo, istilahi nyingi zilizoundwa katika kipindi hicho zilihusu vitu vinavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta: faili, kabrasha, kipanya, chapisha, hifadhi. Dhana za ulinzi wa mawasiliano hazionekani. Mtumiaji haoni data zake zikifumbwa wala zikifumbuliwa. Anachokiona ni alama ndogo au onyo la maneno machache. Kwa hiyo uelewa wake wote unategemea neno alilopewa. Neno likiwa baya, hakuna kitu kingine cha kumsahihisha.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma, mpakani na Zambia, na Kasumulu, mpakani na Malawi. Biashara ya viazi, mbao, chai na mpunga katika ukanda huu hulipiwa kwa kiasi kikubwa kwa simu, kupitia huduma za pesa zilizoanza nchini mwaka 2008. Mkoa jirani wa Rukwa, pamoja na Morogoro, umekuwa ukitajwa katika taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania miongoni mwa mikoa yenye laini nyingi za simu zilizofungwa kwa sababu ya ulaghai. Lugha inayotumiwa kumtahadharisha mwananchi wa ukanda huu ni Kiswahili, na hapana budi Kiswahili hicho kiwe sahihi.

2.0 Hati Huria na Nafasi ya Kiswahili

Ujuzi wa ulinzi wa mtandao umejengwa juu ya maandiko yaliyo wazi kwa kila mtu. Kanuni za mawasiliano ya intaneti huchapishwa katika mfululizo wa hati ziitwazo RFC, ambao hati yake ya kwanza ilitolewa mwezi Aprili 1969. Itifaki ya TLS, inayolinda sehemu kubwa ya tovuti za leo, ilitangazwa katika RFC 2246 ya mwaka 1999, na toleo lake la 1.3 katika RFC 8446 ya mwaka 2018. Yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Vivyo hivyo, shirika lisilo la faida linaloendesha huduma ya Let's Encrypt lilianza mwaka 2015 kutoa vyeti vya tovuti bila malipo, na maelezo ya huduma hiyo yameachwa wazi ili watu wa kujitolea wayatafsiri.

Uwazi huu wa maandiko una sababu ya kinadharia, na inapendeza kwamba aliyeieleza vizuri alikuwa mtu wa lugha. Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha lugha huko Paris, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa maandishi ya siri usitegemee kufichwa kwa njia yenyewe. Njia iweze kuangukia mikononi mwa adui bila madhara, mradi ufunguo tu umebaki siri. Kwa mujibu wa kanuni hii, njia inayojulikana na kukaguliwa na watu wengi ni imara kuliko ile inayojulikana na wachache.

Kiswahili kinatupatia mfano mzuri wa kinyume chake, na mfano huo unaitwa hasa Kinyume. Huu ni mchezo wa lugha wa pwani, ambao Edward Steere aliuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1870. Katika umbo lake la kawaida, silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzo:

(1) kitabu > bukita
 nyumba > mbanyu
 leta pesa kesho > tale sape shoke

Asiyeujua mchezo haambulii kitu. Lakini anayeujua anaelewa kila kitu, kila mara, kutoka kwa kila msemaji. Kinyume kina njia lakini hakina ufunguo. Siri yake yote imo katika njia, na njia ikifahamika siri imekwisha. Mwalimu anayetaka kumweleza mwanafunzi wa Iringa tofauti kati ya njia na ufunguo anaweza kuanzia hapa kabla ya kutaja hesabu yoyote.

Pamoja na uwazi huo wote, maandiko tunayoyazungumzia yameandikwa kwa Kiingereza. Yanapotafsiriwa kwa Kiswahili, hutafsiriwa vipande vipande: ujumbe wa onyo hapa, kitufe pale. Matokeo yake ni kwamba istilahi huingia katika lugha bila maelezo kamili yanayoibeba. Dhana hufika imevuliwa muktadha wake.

3.0 Msingi wa Kinadharia

Katika kutathmini istilahi tumezingatia vigezo vinavyokubalika na wanaistilahi wengi wa Kiswahili: usahihi wa dhana, uwekevu, uzalishaji wa maneno mengine, uangavu wa maana, upatanifu na mfumo wa lugha, na kukubalika kwa watumiaji. Aidha, tumefuata utaratibu uliozoeleka wa kutafuta neno kwanza katika Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo lugha za mbali ziendewe. Utaratibu huo ndio uliotupatia "ikulu" na "bunge", maneno ya lugha za bara ambayo leo hakuna anayeyaona kuwa mageni.

Tunaongeza kigezo kimoja ambacho uwanja huu unakidai: usalama wa tafsiri ya mtumiaji. Istilahi ya sarufi ikieleweka vibaya, mwanafunzi hukosa alama. Istilahi ya ulinzi ikieleweka vibaya, mtu anaweza kupoteza akiba yake. Hivyo tunauliza kuhusu kila neno: msomaji asiye mtaalamu, akilielewa kwa maana yake ya kila siku, atatenda nini?

4.0 Uchambuzi wa Istilahi

4.1 Kusimba na kufumba

Tendo la kugeuza ujumbe uwe usiosomeka bila ufunguo limepata majina mawili yanayoshindana. La kwanza ni "kusimba kwa njia fiche", pamoja na nomino "usimbaji fiche", ambalo limeenea katika programu za simu za kampuni kubwa za kigeni. La pili ni "kufumba", pamoja na nomino "ufumbaji".

Tatizo la -simba liko katika uhusiano wake na nomino "msimbo". Msimbo hutumika kwa alama yoyote inayowakilisha kitu kingine: msimbo wa eneo, msimbo wa posta, msimbo wa programu. Kuwakilisha herufi kwa tarakimu ili kompyuta izihifadhi ni kusimba, na ndani yake hamna siri yoyote. Jedwali la tarakimu hizo liko wazi duniani kote. Wanafunzi wa kompyuta hawana budi kutofautisha mapema kati ya kuwakilisha na kuficha. Kiswahili kikitumia shina moja kwa yote mawili, tofauti hiyo itategemea neno moja tu, "fiche", ambalo katika mazungumzo huangushwa kwa urahisi.

Isitoshe, "kusimba kwa njia fiche" kunashindwa kigezo cha uwekevu na cha uzalishaji. Linganisha:

(2) a. Ujumbe umesimbwa kwa njia fiche. / Ujumbe umefumbwa.
 b. ujumbe usiosimbwa kwa njia fiche / ujumbe usiofumbwa
 c. kusimbua kilichosimbwa kwa njia fiche / kufumbua kilichofumbwa

Katika (2c) upande wa kwanza unaonyesha tatizo la kisarufi pia: kielezi "kwa njia fiche" kinahusu kufunga tu, wala hakiwezi kuhamia kwenye kitenzi cha kutengua, maana kusimbua hakufanyiki kwa njia fiche. Mfumo unapinda.

Kwa upande mwingine, -fumba tayari kina maana ya kusema kwa namna ambayo si kila msikilizaji ataelewa, na nomino yake "fumbo" inajulikana na kila aliyesoma fasihi. Jozi -fumba na -fumbua ni ya kale na haihitaji kufundishwa. Pingamizi moja linaweza kutolewa: kwamba "fumbo" ni istilahi ya fasihi, na kuipeleka katika kompyuta kutaleta utata. Tunaona kwamba pingamizi hili halina nguvu kubwa. Neno "shina" lipo katika botania na katika mofolojia, na hakuna anayechanganya mti na kitenzi, kwa kuwa nyuga zenyewe ziko mbali. Kusimba na kusimba kwa njia fiche, kinyume chake, ni dhana za uwanja mmoja, mara nyingi za ukurasa mmoja. Hapo ndipo utata huuma.

Inafaa kukumbuka pia kwamba neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hutumia kwa maandishi ya siri limetokana na Kiarabu sifr, asili ileile ya "sifuri" ya Kiswahili. Katika lugha hizo neno la tarakimu tupu lilikuja kubeba maana ya maandishi ya siri, na leo wasemaji wengi hawaioni tena njia liliyopitia. Kiswahili hakina haja ya kurudia safari hiyo wakati kina neno lenye uangavu nyumbani.

4.2 Kufumbua na kuvunja

Jozi -fumba na -fumbua ina upungufu wake, na ni vema tuukiri. Katika matumizi ya kifasihi, kufumbua fumbo ni kulitatua kwa akili. Anayelifumbua hakupewa ufunguo, ameugundua. Katika ulinzi wa mawasiliano, mwenye ufunguo anayerudisha ujumbe katika hali yake ya kusomeka anafanya tendo halali la kawaida, ilhali asiye na ufunguo anayejaribu kuupata ujumbe anafanya tendo jingine kabisa. Tendo hili la pili lina taaluma yake, ambayo mwanzo wake huhusishwa na al-Kindi wa Baghdad, aliyeeleza katika karne ya 9 jinsi ya kulitambua fumbo kwa kuhesabu marudio ya herufi.

Tunapendekeza matendo haya mawili yatenganishwe. "Kufumbua" kubaki kwa mwenye ufunguo. Kwa asiye nao litumike "kuvunja fumbo", kwa mlinganisho na kuvunja kufuli, na taaluma yake iitwe "uchambuzi wa mafumbo". Faida yake itaonekana mahakamani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatenganisha kosa la kuingia katika mfumo isivyo halali na kosa la kunasa mawasiliano isivyo halali. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji wa haki nchini. Shahidi katika Mahakama Kuu ya Mbeya au ya Iringa akisema "mshtakiwa aliufumbua ujumbe", mahakama itataka kujua kama alikuwa na ufunguo aliopewa au alivunja. Lugha inayotofautisha mambo haya kwa kitenzi humwepushia shahidi maswali mengi na mshtakiwa dhana isiyo ya haki.

4.3 Ufunguo wa umma

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo lililobadilisha taaluma hii: kwamba kufumba na kufumbua kunaweza kutumia funguo mbili tofauti zinazohusiana kihesabu. Ufunguo mmoja hutangazwa kwa watu wote, mwingine hubaki kwa mwenyewe. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman walibuni mfumo wa kwanza mashuhuri wa kulitekeleza wazo hilo kwa ukamilifu. Tafsiri ya kawaida ya Kiswahili ni "ufunguo wa umma" na "ufunguo binafsi".

Hapa mofolojia ya Kiswahili inatukwaza kwa namna ambayo haimkwazi msemaji wa Kiingereza. Nomino "ufunguo" imetokana na kitenzi -fungua. Maana ya kutengua imo ndani ya neno lenyewe: ufunguo ni kifungulio. Lakini katika kutuma ujumbe wa siri, ufunguo wa umma kazi yake ni kufunga tu, na hauwezi kamwe kufungua kilichofungwa nao. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaambiwa kwamba kifungulio cha barua zake kimetangazwa kwa watu wote. Akiogopa, ana haki ya kuogopa. Ameelewa Kiswahili sawasawa. Na akishazoea kwamba kifungulio kinaweza kutangazwa, yuko hatarini kuutangaza na ule ambao haukupaswa kutangazwa.

Suluhisho rahisi kwa ufundishaji ni taswira ya kufuli. Mwenye kupokea barua hugawa makufuli yaliyo wazi kwa yeyote anayetaka kumwandikia. Kila mtu anaweza kubana kufuli, lakini ufunguo anao mmoja. Kutokana na taswira hii tungeweza kusema "kufuli la umma" na "ufunguo wa siri". Hata hivyo, taswira hiyo haitoshelezi kwa upande wa saini za kielektroniki, ambako mwenye ufunguo wa siri ndiye anayetia saini na ufunguo wa umma hutumika kuithibitisha. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu "ufunguo wa umma" limekwisha kuenea, hatupendekezi kuliondoa. Tunapendekeza liambatane daima na maelezo ya kazi yake mahali lilipotumika: "ufunguo wa umma, ambao hufumba tu", au "ufunguo wa umma, ambao huthibitisha saini". Na kwa upande wa pili, "ufunguo wa siri" ni bora kuliko "ufunguo binafsi", maana kilicho binafsi chaweza kuazimwa. Kilicho siri hakiazimwi.

4.4 Salama

Kati ya istilahi zote tulizozichunguza, hii ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kivinjari kinapounganishwa na tovuti kwa itifaki ya TLS, mambo matatu hupatikana: usiri, yaani aliye njiani hawezi kusoma, ukamilifu, yaani aliye njiani hawezi kubadili bila kugundulika, na utambulisho, yaani cheti kinaonyesha kwamba kompyuta inayojibu inahusika kweli na jina la tovuti lililoandikwa. Hakuna jambo la nne. Cheti cha kawaida hakisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kwamba duka lake lipo, au kwamba mkopo anaoutangaza ni wa kweli. Tapeli aliyesajili jina la tovuti anaweza kupata cheti halali kwa dakika chache, na mawasiliano kati yake na anayemwibia yatalindwa barabara.

Sasa tulitazame neno. "Salama" katika Kiswahili halina mipaka ya kiufundi. Ni hali ya kutokuwa na shari kwa ujumla. Ni jibu la salamu. Ni dua ya safari. Anayeambiwa "tovuti hii ni salama" anaambiwa kwamba hapana baya litakalomfika. Mnunuzi wa viazi aliyeko Mbeya, akifuata kiungo alichotumiwa na akaona alama ya kufuli, na akiwa amesoma mahali kwamba kufuli maana yake ni salama, ataingiza namba yake ya siri bila wasiwasi. Ujumbe wake utafika kwa mwizi ukiwa umefumbwa vizuri.

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Watengenezaji wa kivinjari cha Chrome, ambao mwaka 2018 walianza kuzitia alama ya onyo tovuti zote zisizofumba mawasiliano, waliiondoa alama ya kufuli mwaka 2023 na kuweka nyingine, kwa kuwa watumiaji wengi waliielewa kama dhamana ya uaminifu wa tovuti. Kama picha iliondolewa kwa sababu hiyo, basi neno lenye kosa lilelile halistahili kubaki katika hati zetu.

Tunapendekeza "salama" lisitumike kama sifa ya tovuti. Sifa itajwe kwa jina lake: "mawasiliano yamefumbwa", "jina la tovuti limethibitishwa". Na hati ikitaka kusema jambo la nne, iseme wazi: "hili halithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti". Sentensi hiyo ni ndefu, lakini hapa uwekevu unapaswa kukipisha kigezo cha usalama wa tafsiri tulichokitaja katika sehemu ya 3.0.

4.5 Nywila, nenosiri na namba ya siri

Tunalipitia suala hili kwa ufupi. "Nywila" ni fupi na halina utata, lakini halina ukoo wowote unaoonekana kwa msemaji wa kawaida. "Nenosiri" na "namba ya siri" hujieleza. Mawakala wa pesa za simu wa Mwanjelwa na wa Soko Kuu la Iringa husema "namba ya siri", na onyo la "usimpe mtu namba yako ya siri" halihitaji ufafanuzi kwa sababu agizo limo ndani ya jina. Katika hati kwa ajili ya umma, istilahi angavu ipewe nafasi ya kwanza.

Mfano mwingine wa kuangaliwa ni kampeni ya kitaifa ya mwaka 2024 iliyopewa jina "Sitapeliki". Kutokana na nomino "tapeli" limepatikana shina la kitenzi, likaongezwa kauli ya kutendeka na kiambishi cha ukanushi. Mtu asiye makini angeweza kuidhania -ta- kuwa ya wakati ujao, lakini kiishio -i chaonyesha kuwa ni ukanushi wa wakati uliopo. Neno lote ni la Kiswahili, ni moja, na linakaririka. Pia limegusa mahali sahihi, maana utapeli wa ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" hauvunji fumbo lolote, unamvunja mtu. Ujumbe kama huo wananchi wameelekezwa kuupeleka kwenye namba 15040, na hakuna ufumbaji ambao ungeuzuia.

5.0 Ushahidi wa Lugha za Nyanda za Juu Kusini

Tumedai kwamba jozi -fumba na -fumbua ni angavu. Dai hili lina nguvu zaidi katika ukanda tunaouzungumzia, ambako kwa wasemaji wengi, hasa vijijini, Kiswahili ni lugha ya pili. Mofimu ya utenguzi iko hai katika lugha zao za kwanza:

(3) Kiswahili (G42): -funga / -fungua
 Kinyakyusa (M31): -igala / -igula "funga / fungua"
 Kihehe (G62) na Kibena (G63): -dinda / -dindula "funga / fungua"

Tofauti ya umbo ina maelezo ya kihistoria. Kiswahili kimepoteza konsonanti iliyokuwa kati ya irabu mbili, wakati lugha za Nyanda za Juu zimeihifadhi kama l. Hata hivyo l hiyo hujitokeza tena katika Kiswahili kitenzi kinaponyambuliwa: fungua, funguliwa, fumbua, fumbuliwa. Mwanafunzi wa Tukuyu au wa Kilolo anapokutana na "kufumbuliwa" kwa mara ya kwanza katika somo la kompyuta, analo tayari katika lugha ya mama umbo la kumwongoza: kitu kilifungwa, sasa kimetenguliwa. "Usimbaji fiche" haumpi msaada huo.

Funzo la jumla ni kwamba istilahi ya Kiswahili inayojengwa kwa mofolojia hai ya Kibantu hubeba maelezo yake hadi katika lugha jirani. Hati ikishaandikwa kwa Kiswahili cha namna hiyo, mwalimu au ofisa ugani anayeifafanua kwa Kisafwa au Kibena ataukuta mlango uko wazi.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza orodha ifuatayo iwe msingi wa majadiliano:

(4) kufumba, ufumbaji: kugeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo
 kufumbua, ufumbuaji: kuurudisha ujumbe kwa kutumia ufunguo halali
 kuvunja fumbo: kuupata ujumbe bila ufunguo
 kusimba, kusimbua: kuwakilisha kwa alama, bila siri
 njia ya ufumbaji: kanuni ya kihesabu, ambayo yaweza kuwa wazi
 ufunguo wa siri. Ufunguo wa umma (pamoja na kutaja kazi yake)
 cheti cha tovuti: hati ya kuthibitisha jina, siyo uaminifu
 namba ya siri, nenosiri: badala ya nywila katika hati za umma
 hadaa ya mtandao: ulaghai unaomlenga mtu kwa kumghilibu

Kuhusu utekelezaji, istilahi hizi zisitolewe kama orodha tupu. Uzoefu wa miongo iliyopita unaonyesha kwamba orodha za istilahi hubaki makabatini, na maneno hukua yakiwa ndani ya maandiko yanayosomwa. Ukanda huu una vyuo vinavyoweza kuandika maandiko hayo kwa pamoja: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya upande wa uhandisi, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa upande wa elimu na lugha, pamoja na Chuo Kikuu cha Iringa. Hati fupi huria, iliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili na kuachwa wazi isahihishwe na wengine, ingefaa kuliko tafsiri ya vipande. Mwanafunzi wa uzamili wa isimu anaweza kuandika sura, mwenzake wa kompyuta akakagua usahihi, na wote wawili wakaisoma mbele ya watu wasio wataalamu kabla ya kuitoa.

Haja ni ya sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na amweleze mhusika kusudi la kuzikusanya. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa mitandao pepe ya faragha kuitolea taarifa ya usajili, na mjadala mkubwa wa umma ukafuata, ambamo kifupisho cha Kiingereza cha herufi tatu ndicho kilichotamkwa na wengi. Watu walijadili haki na wajibu wao kuhusu kitu ambacho lugha yao ilikuwa bado haijakipa jina lililotulia.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba istilahi za ulinzi wa mtandao katika Kiswahili zinahitaji kutengenezwa upya katika sehemu nne: kutenganisha kusimba na kufumba, kutenganisha kufumbua na kuvunja, kuufafanua ufunguo wa umma, na kuliondoa neno "salama" mahali ambapo linaahidi zaidi ya kilichothibitishwa. Kiswahili kinayo maneno ya kufanyia kazi hiyo, na lugha za Mbeya na Iringa zinaonyesha kwamba mofolojia yake inaeleweka na wale wanaoihitaji zaidi. Utafiti zaidi unahitajika ili kupima mapokeo ya istilahi hizi kwa wasomaji wa rika na elimu tofauti, hasa neno "fumbo" nje ya darasa la fasihi. Kipimo cha mwisho kitakuwa chepesi kukieleza: msomaji wa Mafinga au Tunduma, akishasoma hati yetu, aweze kusema kwa maneno yake mwenyewe ni nini ambacho kufuli lilimhakikishia, na ni nini ambacho halikumhakikishia.